Mgowe wa Danieli

Danieli Kalinga alikuwa mtu wa kwanza katika kijiji kile, na kwa maneno ya ofisini mtu wa kwanza katika mkoa mzima wa Iringa, kupewa shamba na serikali huku haoni. Alipewa ekari moja chini ya barabara iendayo Idodi, katika kijiji kipya kilichopimwa mwaka ule watu walipotolewa mabondeni na vilimani wakapangwa mistari kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Jembe alipewa, panga alipewa, kamba ndefu ya katani alipewa. Pamoja na hivyo alipewa sharti, na katibu wa kijiji alimsomea mara mbili ili asije akasema hakusikia. Mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa yamefika magotini, Bwana Ustawi wa Jamii angekuja kukagua. Akikuta Danieli analima na kupalilia mwenyewe, Danieli angeandikwa kaya yake, ekari ingekuwa yake, na serikali ingemletea bati na misumari ajenge nyumba yake. Akikuta vinginevyo, zana zingerudi, ekari ingerudi, na Danieli angerudi katika orodha aliyokuwamo tangu utoto, orodha ya wasiojiweza, chini ya jina la kaka yake.

Alikuwa na miaka ishirini na minane. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka sita, na tangu hapo mkono wake wa kushoto haukuwa wake. Ulikuwa wa yeyote aliyekuwa karibu. Akienda kanisani aliongozwa. Akienda haja aliongozwa, na aliyemwongoza alisimama palepale akimngoja, akipiga mluzi. Mama yake, Verediana, alimmenyea viazi mpaka ndevu zikamwota. Kaka yake Bartolomeo, balozi wa nyumba kumi, mtu wa sauti nene na moyo mpana, alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba maadamu yeye yu hai Danieli hatashika jembe. Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi, na wageni walimsifu. Hakuna aliyemtesa Danieli hata siku moja. Angeteswa angekuwa na mtu wa kumlaumu. Hakuwa naye, na hasira yake ilikaa ndani bila mahali pa kwenda.

Bibi Maendeleo ndiye aliyeanzisha mambo. Alipita na daftari akiandika vipofu, viwete na mabubu wa kata nzima, akafika kwa Bartolomeo akamuuliza huyu naye anaweza kufanya nini. Kabla kaka hajafungua mdomo, Danieli alijibu mwenyewe.

"Sijui, mama. Hawajanipa nikajaribu."

Yule mama alicheka, akaandika jina. Miezi mitatu baadaye Danieli alikuwa Mbeya, katika kituo cha kuwafundisha wasioona kilimo.

Kituo chenyewe kilikuwa nje ya mji, ukishapita Ilomba, mahali pa baridi na ukungu mzito. Walikuwa wanaume kumi na wanne, wote hawaoni, na mwalimu wao Philbert naye haoni. Siku ya kwanza Mwalimu Philbert aliwaambia wazunguke shamba, kila mtu peke yake, wakutane jikoni. Danieli alianguka mtaroni. Alikaa mle akisubiri mkono wa mtu. Akasubiri mpaka tope likampenya hadi kwenye ngozi ndipo akaelewa kwamba mkono hauji. Alijiburuta akatoka, magoti yakivuja damu, na alipofika jikoni alikuwa anacheka peke yake kama mlevi. Mwalimu Philbert alimuuliza kinachomchekesha. Danieli aliketi akaendelea kucheka.

Miaka miwili alijifunza kamba. Kamba ilikuwa na mafundo, fundo moja kila urefu wa wayo. Unapiga kigingi huku, unapiga kigingi kule, unaivuta kamba katikati ikaze kama waya wa zeze, kisha unatambaa nayo. Penye fundo unachoma shimo, unatia mbegu, unafukia. Ukimaliza mstari unapima kwa fimbo yako mstari wa pili, vigingi vingine, kamba ileile. Vigingi havitolewi. Mbegu zikishaota unarudi, unafunga kamba kwenye vigingi vyake, na hapo huna haja ya kumuuliza mtu. Kilichoota penye fundo ni hindi. Kilichoota katikati ya mafundo ni gugu, kata. Mwalimu Philbert alikuwa akipalilia hivyo akizungumza habari za mpira, na nyuma yake hakubaki jani.

Danieli alirudi nyumbani mwezi wa nane mwaka 1975. Alijijengea banda la nyasi pembeni mwa ekari yake, akahamia humo, na mama yake akalia siku mbili kama amefiwa. Kuanzia mwezi huo hadi wa kumi na moja alifyeka, akang'oa visiki, akachonga vigingi mia moja na hamsini vya mti mgumu. Kila kigingi cha kumi alikikata alama kichwani, ili akikipapasa ajue yuko mstari wa ngapi. Watu waliopita kwenda kisimani walisimama wakatazama. Mmoja wao, Kasian, mtu wa masihara, akapaza sauti makusudi asikike.

"Danieli kalifunga shamba kamba. Anahofia litatoroka lirudi kijiji cha zamani."

"Na ninyi mngefungwa hivi," Danieli alijibu bila kuinua kichwa, "mgambo wasingehangaika kuwarudisha mara mbili."

Walicheka hadi kisimani. Siku ile Danieli alijisikia mtu mzima. Walikuwa wamemtania na yeye akawatania, na hakuna aliyesema maskini.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, ardhi ikiwa tayari na vigingi vyote vimesimama, ililetwa barua. Ilikuwa ya wino, ingawa aliyeandikiwa haoni, na katibu wa kijiji akamsomea. Wahitimu wote walitakiwa kufika kituoni Mbeya kuchukua mbegu bora na mbolea. Kila mmoja afike mwenyewe, atie dole gumba mwenyewe, asitume mtu. Mbegu nyingine hazikuruhusiwa katika shamba la majaribio.

Mtu aliyepanga hayo alikuwa ameketi mahali ambapo mvua huonekana dirishani. Hakujua, au hakujali, kwamba wiki ile ndiyo wiki ya kupanda.

Bartolomeo alisema atakwenda yeye. Danieli alikataa, barua ilisema mwenyewe, na yeye hakutaka kuwapa nafasi ya kusema alibebwa. Alikwenda kwa Bartolomeo jioni ya kuamkia safari, akamwambia maneno ambayo baadaye aliyarudia kichwani mara nyingi.

"Kaka, mvua ikinyesha nikiwa sijarudi, msiguse kitu. Msijisumbue. Nikirudi nitapanda."

"Sawa, mdogo wangu," Bartolomeo alisema. "Wewe nenda kwa amani."

Alipanda lori asubuhi hadi Iringa mjini, akapanda basi, akashuka Mbeya jioni, na fimbo yake ikamfikisha kituoni bila kupotea. Pale alikuta mlango wa stoo umefungwa. Bwana stoo alikuwa amekwenda na ufunguo Iringa, kwenye semina ya siku kumi juu ya mpango wa kuwawezesha wasioona kujitegemea. Danieli alikuwa amepishana naye njiani.

Siku ya nne usiku mvua ilianza kupiga bati. Mwalimu Philbert alimwambia arudi, akapande hata mbegu za mama yake. Akikutwa na mahindi yaliyosimama vizuri kwenye kamba, nani atakayeuliza yalizaliwa wapi. Lilikuwa shauri jema. Danieli alilikataa. Sharti lilisema mbegu za kituo, na yeye alitaka kushinda kwa sharti, kila herufi, asibakishe ufa wa mtu kuchomeka kidole. Aliketi barazani akisikiliza mvua, akijiambia hata Iringa inanyesha hivihivi, siku zinatosha, siku bado zinatosha. Bwana stoo alirudi siku ya kumi na mbili. Danieli alitia dole gumba, akabebeshwa mfuko wa mbegu na mfuko wa mbolea, akaondoka.

Lori lilimshusha kijijini adhuhuri. Watu walikuwa wakimsubiri, na alijua kwa minong'ono na vicheko vilivyozuiwa kwamba kuna jambo. Mama yake alikuja akamshika, akisema twende mwanangu, twende ukaone. Danieli alijitoa polepole, akatangulia na fimbo. Kutoka barabarani hadi kigingi cha kwanza ni hatua arobaini na moja. Alizihesabu. Hatua ya arobaini na moja fimbo yake ilipiga hewa.

Aliinama akapapasa. Udongo ulikuwa mlaini, umepinduliwa kwa kina ambacho mkono wa mtu haufiki. Akasogea kulia, akasogea kushoto. Vidole vyake vikagusa kitu chembamba, kibichi, chenye majani mawili. Hindi. Na mbele yake jingine, si kwa urefu wa wayo, karibu zaidi. Na jingine, mbali.

Nyuma yake watu walisogea karibu. Alielewa kwamba wanangoja shukrani.

"Vigingi viko wapi?" aliuliza.

"Vile vijiti?" Mama yake alisema kwa furaha. "Tulivichoma vyote, baba. Ndivyo vilivyopikia ugali wa waliokuja kulima."

Habari alizipata kwa vipande. Mvua ilianza kijijini siku ileile aliyoondoka, ikanyesha siku tatu mfululizo. Bartolomeo aliliangalia shamba la mdogo wake limekaa tupu wakati mashamba yote yanapandwa, akaona aibu. Akatoa mtama, wanawake wakapika pombe, akaitisha mgowe, kama inavyofanyika mtu akiumwa au akiwa safarini msimu wa kulima: watu huja na majembe, hulima hadi jua la saa nane, hunywa, huimba, hurudi makwao. Walikuja watu sitini. Hata Masunga, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake na aliyekuwa akizunguka vijiji kulimia watu kwa plau, alikuja akalima bila kudai kitu. Vigingi vilikuwa vinakwaza plau, wakaving'oa. Kamba Masunga aliifungia ng'ombe. Wazee walisema haujapata kuonekana mgowe mkubwa kama ule tangu kijiji kiundwe, na ulikuwa wa Danieli.

Jioni ile alimfuata kaka yake nyumbani. Bartolomeo alikuwa anakula. Akamsogezea kigoda, akamkaribisha. Danieli hakukaa.

"Nilikwambia msiguse."

"Ulisema msijisumbue."

"Nilisema yote mawili."

"Danieli." Bartolomeo alitafuna, akameza. "Alipovunjika mguu baba, alisema nini? Alisema msijisumbue. Tukaja tukalima. Mimi nilipozika mtoto wangu nilisema msijisumbue, wakaja wakalima. Niambie mtu mmoja wa kwetu aliyewahi kufanyiwa mgowe bila kwanza kuukataa. Ulitaka nikuache kwa sababu umesema niache? Watu wangeniita nani?"

Ilikuwa kweli. Maneno yale yale aliyotaka yawe ukuta yalikuwa mlango kwa watu wote aliokua nao. Kuukataa msaada ndiyo adabu. Kuja hata hivyo ndiyo upendo. Hakukuwa na neno lolote katika kijiji kile la kusema sitaki, likamaanisha sitaki.

"Mimi siwezi kulipalilia lile shamba, kaka," alisema mwishoni. "Silijui. Ni la kwenu."

"Tutalipalilia sisi. Akija Bwana Ustawi, sema umelima mwenyewe. Kijiji kizima kitasema hivyohivyo. Nani atakukana?"

Siku zilizofuata Danieli alitafuta njia. Alikwenda kwa Masunga, aliyekuwa bado amepiga kambi nje ya kijiji, akamkuta anakamua, akamuuliza alilimaje. Masunga alikuwa mtu wa kusema ukweli bila kuupaka mafuta. Alisema ng'ombe hawatembei kama rula. Penye kichuguu walizunguka, penye jiwe wakakwepa. Mbegu alidondosha mke wake Kashindye, akifuata plau nyuma, mbegu huku, hatua, mbegu huku.

"Hatua ya namna gani?" Danieli aliuliza.

"Ya mwanamke mwenye mimba ya miezi saba," Masunga alisema. Kisha akaweka kibuyu cha maziwa chini. "Wangeniambia vile vijiti ni macho yako, ningepitisha plau pembeni. Waliniambia ni mchezo wako."

Masunga alimrudishia kamba. Danieli alijaribu kuivuta kwenye mistari ya plau, lakini mistari ilipinda na kamba haipindi. Alijaribu kuyajua mahindi moja moja kwa vidole, na kwa hatua chache aliweza. Lakini mvua ilikuwa nzuri mwaka ule, na pamoja na mahindi iliota mtama mwitu, ambao ukiwa mchanga hata wanawake wenye macho yao huchanganya.

Siku moja alipiga magoti pembeni mwa shamba akaanza kung'oa. Alikusudia kung'oa yote, apige vigingi vipya, apande mbegu za kituo, hata kama Bwana Ustawi angekuta miche midogo kama sindano. Alikuwa amekwisha ng'oa mstari mmoja alipomsikia mama yake. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye udongo, akaikusanya ile miche iliyong'olewa, akaipakata, akamsimulia kwa sauti ndogo mwaka jana, yeye akiwa Mbeya, walipokula mizizi, walipokuwa wanasubiri unga wa njano wa serikali tangu alfajiri na kurudi na bakuli tupu. Alisema hakuwahi kufikiri atazaa mtu wa kung'oa chakula kilicho hai. Danieli aliutikisa udongo mikononi, akaacha. Na siku alizokuwa amebakiza za kupanda upya zikaishia hapo.

Bwana Ustawi wa Jamii alikuja na Landrova mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi. Aliitwa Ezekia, mtu mpole, mwenye kikohozi na viatu vilivyolia. Alimsalimia Danieli kamwene kwa Kihehe, ingawa matamshi yake yalikuwa ya mtu wa mbali. Walisimama shambani: yeye, katibu wa kijiji, Bartolomeo, mama, na nyuma yao kijiji.

Ezekia alisema shamba limependeza. Alisema amezunguka kata tatu hajaona mahindi yaliyokolea hivi. Kisha Danieli akasikia karatasi ikifunuliwa.

"Ndugu Danieli, umelima mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee," Bartolomeo alidakia. "Mwenyewe kabisa."

"Nimemuuliza yeye."

Danieli alisimama na fimbo yake. Akisema hapana, karatasi ingesema hapana. Akisema ndiyo, angekuwa ameipata nyumba kwa uongo, na chini ya bati lile angelala kila siku akijua kwamba kwa kweli alibebwa, tena na watu sitini. Alisema jambo la tatu, na kilikuwa kiburi chake kilichosema.

"Nipe jembe, mzee. Utaona mwenyewe."

Ezekia alikubali. Alimwonyesha pa kuanzia, akamwambia apalilie hadi kichuguuni. Danieli alipiga magoti. Aliacha kamba, haikuwa na kazi. Alitanguliza vidole vya mkono mmoja na jembe kwa mwingine, akashika jani, akalipima unene, akalipima ukingo unaokwaruza, akaliacha. Akashika jingine, akalikata. Alikwenda hivyo polepole kwa hatua tano, sita, na hakuna aliyesema neno, na moyo wake ulianza kunyanyuka. Alifikiri labda inawezekana. Alifikiri labda mikono yake imekwisha kujifunza yenyewe.

Kisha akasikia mama yake akivuta pumzi.

Ilikuwa pumzi fupi, kama ya mtu aliyeona mtoto akisogelea moto. Danieli alijua. Hakusimama. Aliongeza mwendo. Alishika, akakata, akashika, akakata, na kila pumzi nyuma yake ilimwambia, na watu walianza kusogeza miguu, na mtu mmoja alisema maskini. Neno lile lilimfika mgongoni. Alikata yote yaliyokuwa mbele yake, mahindi na magugu, mpaka jembe likagonga udongo mgumu wa kichuguu.

"Basi, Ndugu Danieli," Ezekia alisema. "Inatosha."

"Mahindi mangapi?"

"Mengi."

Hapo Danieli alisema yote. Alisimama, matope hadi kiunoni, akamweleza kamba, vigingi, stoo iliyofungwa, siku kumi na mbili, mgowe. Hakumtaja kaka yake kwa ubaya. Alisema wampe vigingi na wiki mbili, na msimu ujao waje wakague hata usiku wa manane, kwake ni saa ileile. Kasian, yule mtu wa masihara, alicheka kidogo halafu akakohoa kukificha kicheko.

Ezekia alisikiliza mpaka mwisho. Alisema semina ile aliihudhuria. Yeye mwenyewe alizungumza siku ya tatu, juu ya umuhimu wa zana kufika kwa wakati.

"Nakuamini," alisema. "Kila neno. Lakini hii karatasi ina nafasi mbili tu, anaweza na hawezi. Hayo uliyoniambia sina mahali pa kuyaandika."

"Yaandike nyuma."

"Nyuma hawasomi."

Hata hivyo aliandika barua nyingine ya pembeni, akamsomea Danieli pale pale, na ilikuwa barua nzuri. Kisha akaandika kwenye karatasi lile neno moja. Dereva alichukua jembe na panga, kwa kuwa vilikuwa katika orodha, na kamba.

Jibu lilikuja mwezi wa tano, kwa wino. Katibu alilisoma mbele ya Bartolomeo, maana tangu hapo ndivyo sheria ilivyotaka. Barua ya pembeni haikutajwa. Ilisemwa kwamba mpango wa majaribio umefungwa katika mkoa kwa sababu mhusika pekee hakuonyesha uwezo, na kwamba uzoefu umethibitisha kuwa wasioona katika eneo hili husaidiwa vizuri zaidi na ndugu zao. Kijiji kilipongezwa kwa moyo wa ushirikiano. Bartolomeo aliomba mstari huo urudiwe.

Ekari ilivunwa magunia kumi na moja, mengi kuliko ekari yoyote ya kijiji. Watu waliendelea kuiita shamba la Danieli, na walipomletea chakula walimwambia kula, ni chako hiki. Banda la nyasi lilibomolewa apewe mtu mwingine ile ardhi. Bartolomeo hakutaka mdogo wake alale sebuleni kama mgeni, kwa hiyo alipiga tofali mwenyewe, jioni baada ya kazi zake, mwezi mzima, akaongeza chumba ubavuni mwa nyumba yake. Akakiezeka, akakisiriba kwa udongo mwekundu, akamwita Danieli akiguse.

Danieli alizunguka nje akipapasa ukuta, kutoka pembe hii hadi pembe ile, kisha akarudia.

"Mlango umeuweka wapi?"

"Unatokea chumbani kwetu," Bartolomeo alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefikiri jambo hadi mwisho. "Usiku ukiita, tukusikie."

Alikwenda kunawa mikono. Danieli alibaki amesimama na kiganja ukutani. Udongo ulikuwa bado mbichi, unaingia kidole. Ndani walianza kupakua, akaitwa mara ya kwanza, akaitwa mara ya pili, na kwa kuwa upande ule wa nyumba ulikuwa mpya na hakuujua, alisimama pale pale akingoja waje wamchukue.